Mkono Usio na Mwenyewe

Katika Jukwaa la Wapwani wa Dubai, kundi la mtandaoni la kwenye simu, palikuwa na vyeo vingi kuliko watu wa kuvishika. Palikuwa na mwenyekiti, makamu wa mwenyekiti, makamu wa makamu, mweka hazina wa hazina isiyokuwapo, na msemaji ambaye aghalabu hakuwa na la kusema. Lakini cheo kilichoogopwa kuliko vyote hakikuandikwa popote. Kilikuwa cha Adib, na kazi yake ilikuwa kusafisha picha.

Hakuna picha iliyopanda jukwaani bila kupita chini ya kidole gumba cha Adib. Mchana alikuwa karani wa ofisi ya kargo huko Deira, akiandika majina ya watu wa Mombasa juu ya maboksi ya televisheni. Jioni, ndani ya metro ya kurudi Karama, aligeuka mganga. Watu walimtumia picha zao kama wagonjwa wanavyopeleka mikojo hospitalini: kwa aibu, na kwa matumaini makubwa. Mmoja alitaka kile kitanda cha ghorofa alichopigiwa picha kigeuke kochi. Mwingine alitaka sare ya mkahawa iwe suti. Wa tatu alisimama kando ya gari la mtu, na ombi lake lilikuwa jepesi: mwenye gari afutwe, gari libaki. Adib aliwatibu wote bure. Malipo yake yalikuwa heshima, na heshima ile ilichanganyika na hofu kidogo, kwa kuwa zile picha za mwanzo, kabla ya tiba, alikuwa nazo zote.

Ieleweke kwamba nusu ya wanajukwaa hawakuwa Dubai. Walikuwa Mombasa, Kilifi, Malindi na Lamu: mama, wake, mashangazi, na majirani ambao hakuna aliyejua waliingiaje. Kila Idi wanaume wa Dubai walipiga picha moja ya pamoja na kuipandisha jukwaani, na huko nyumbani picha ile haikutazamwa. Ilihesabiwa. Mama alipitisha kidole juu ya kioo, kichwa baada ya kichwa, mpaka alipofika kwa wake. Hapo akasema alhamdulillahi na kurudi jikoni. Mwaka juzi kichwa kimoja hakikuonekana, na kabla ya Idi kupoa ikajulikana kwamba mwenyewe yumo mahabusu kwa ajili ya visa iliyokwisha. Tangu hapo, kukosekana katika picha ya Idi hakukuwa kukosekana. Kulikuwa tangazo.

Mwaka huu Adib alikuwa na sababu yake ya kuitaka picha itoke nzuri kupita kiasi. Ijumaa ya kwanza baada ya Idi, baada ya Alasiri, ami yake Mzee Aiman angetoka Mombasa kwenda Malindi, nyumbani kwa Bi Ummulkheir, kupeleka posa ya Mishi. Mishi alikuwa mwalimu wa chekechea, na alikuwa dada wa Badawi. Badawi alikuwa muuza vitambaa huko Bur Dubai, mtu mrefu, mpole, mwenye kula. Na kwa miaka mitatu alikuwa amelala kitanda cha chini huku Adib akilala cha juu. Mwaka mzima Adib na Mishi walitumiana sauti kwa simu, kwa idhini ya Badawi. Ana kwa ana walikuwa hawajapata kuonana. Mishi alimjua Adib kwa sauti na kwa picha, na picha za Adib, kama tulivyoona, zilikuwa na daktari wake.

Picha ya Idi ilipigwa Jumamosi katika bustani moja karibu na Karama, baada ya biriani. Jumapili asubuhi, Adib akiwa bado kitandani, ukaingia ujumbe wa sauti wa Mwenyekiti Waleed. Mwenyekiti alikuwa msimamizi wa vigari vya kubebea bidhaa katika duka kubwa, na jukwaani alijulikana kama Mkurugenzi wa Usafirishaji.

"Assalaam aleikum, mhariri wetu," ilisema ile sauti nzito. "Picha ni nzuri, mashallah, ila ina mambo madogo madogo. Lile lori la takataka nyuma yetu liondoke. Masufuria yaondoke. Ile familia inayochoma nyama pale kando iondoke, hatuijui. Nyasi zitiwe kijani. Makamu amesinzia, mwamshe. Na mimi hapa tumboni, kanzu imejaa upepo. Utoe upepo. Na yalla, kabla ya Adhuhuri, maana watu wa bara wameshapandisha yao kwenye jukwaa lao na ina maua."

Siku ile ya Jumamosi hapakuwa na upepo hata wa kutikisa uzi. Lakini Adib hakuwa mtu wa kubishana na hali ya hewa ya mwenyekiti.

Alianza kazi. Programu aliyotumia ilikuwa na kifutio cha ajabu: unakisugua juu ya kitu, kitu kinatoweka, na mahali pake panajijaza nyasi au mbingu kana kwamba Mwenyezi Mungu hakupata kukiumba. Lori likaenda. Masufuria yakaenda. Familia ya watu wanne na mishikaki yao ikaenda. Makamu akafunguliwa macho. Upepo wa mwenyekiti ukatolewa, kilo kwa kilo. Kisha Adib akafika kwake mwenyewe, na hapo akakaa sana. Alinyoosha pua. Aliondoa chunusi. Alijiongezea nywele mahali ambapo nywele zilikuwa zimeanza kuhama kimyakimya. Akaweka pua ilivyokuwa, akaitazama, akainyoosha tena.

Ilipobaki nusu saa kufika Adhuhuri akakumbuka kwamba Badawi alikuwa bado.

Badawi alisimama wa mwisho kulia, ubavuni mwa Adib. Macho ameyafumba, mashavu yamejaa, na mkononi ameinua paja la kuku kama mtu anayeongoza maandamano. Adib alimtafutia macho kutoka picha nyingine akayabandika. Badawi akawa kama samaki changu aliyeshangazwa na bei yake. Akayabandua. Alijaribu kulifuta paja la kuku, na ngumi ikabaki juu, ya mtu anayetaka vita. Simu ikalia: "Mhariri, watu wa bara wameshapata likes mia mbili."

Adib akamtazama Badawi mwenyewe, aliyekuwa amelala kitanda cha chini akikoroma kwa amani.

"Vichwa kumi na tisa," alijinong'oneza. "Kimoja kikipungua, nani atahesabu?"

Hilo, ndugu msomaji, alilisema mtu wa pwani, aliyezaliwa na mama wa pwani, na ambaye mamake mwenyewe huihesabu picha ya Idi mara mbili. Kiburi kina kifutio chake nacho. Adib akasugua. Badawi akatoweka kuanzia kichwa hadi makubazi, nyasi zikajaa pale aliposimama, na picha ikapanda jukwaani dakika kumi kabla ya adhana.

Kwa muda wa saa nzima zilimiminika pongezi. Mashallah, wanetu wamependeza. Mashallah, Mwenyekiti amepungua. Mashallah, nyasi. Kisha ukaingia ujumbe wa jirani mmoja wa Malindi: "Huo mkono ni wa nani?"

Adib aliufungua, akaikuza picha kwa vidole viwili.

Wakati picha inapigwa, Badawi alikuwa amemkumbatia kwa upande, mkono umepita nyuma ya mgongo ukatokea kwenye bega la pili. Adib alikuwa amefuta mtu mzima na kuusahau mkono. Sasa ulikuwa pale, juu ya bega lake la kushoto, umetulia, vidole vinne vinene visivyo na mwenyewe. Jirani yake wa kushoto hakuweza hata kusingiziwa, kwani mikono yake yote miwili ilionekana waziwazi, imeshika sahani. Na katika kidole cha kati cha ule mkono mpweke kulikuwa na pete ya fedha yenye akiki nyekundu, ambayo Malindi nzima ilijua ilikuwa ya marehemu babake Badawi.

Huko Malindi Bi Ummulkheir alikuwa ameshahesabu. Kumi na nane. Akahesabu tena kutoka upande wa pili, kumi na nane. Kisha akaiona pete. Yowe lake, kwa mujibu wa walioshuhudia, lilisimamisha mchezo wa karata barabara ya pili. Kabla ya Alasiri jukwaa lilikuwa na jumbe mia mbili na kumi na nne za inna lillahi, ikiwemo moja ya Mwenyekiti Waleed, ambaye alikuwa amekula na marehemu jana yake lakini hakuona ubaya wa kuwa wa kwanza kutoa rambirambi kwa niaba ya uongozi.

Marehemu aliamshwa na Adib kwa kutikiswa bega.

"Badawi, amka. Umekufa."

"Ngoja nimalizie usingizi," alisema Badawi.

Alipoelezwa akakaa kitako, akajipapasa kifua, akanyoosha mkono kuchukua simu. Mamake akapokea, na nyuma yake zikasikika sauti za wanawake na mlio wa mwiko ndani ya sufuria kubwa.

"Mama, ni mimi, Badawi. Mimi mzima."

"Wewe ni nani unayeigiza sauti ya mwanangu?"

"Mama, wallahi ni mimi!"

"Mpwa wangu ameshaniambia, siku hizi sauti zinatengenezwa kwa mashine. Mwanangu kanitokea kwenye picha, mkono wake mtupu, umemshika muuaji wake begani. Wewe mashine, muogope Mungu." Na akakata.

Wakajaribu simu ya video. Mtandao ulikuwa wa chumba kimoja cha watu sita siku ya mapumziko, kila mmoja akiongea na kwao. Uso wa Badawi ukafika Malindi, ukasema "Mama," ukaganda pale pale, mdomo wazi, jicho moja limefumbwa.

"Mmeona?" ilisikika sauti ya Bi Ummulkheir ikiwaambia wenziwe. "Kaganda. Maiti huganda."

Jumatatu asubuhi ikaja simu ya Mzee Aiman, ambaye kwa kawaida hakupiga simu mpaka ajue nani analipa.

"Adib mwanangu, nina swali moja tu. Umemuua shemeji yako?"

"Hapana, ami! Nimemfuta tu."

"Hilo la pili," alisema Mzee Aiman, "usilirudie mbele ya watu. Na usikie: Bi Ummulkheir kaweka hitma siku ya Ijumaa, baada ya Alasiri. Mimi siwezi kuingia nyumba ya matanga na sinia ya posa, tena posa ya mtuhumiwa. Likipita la Ijumaa hii, kuna mtu wa Watamu mwenye duka la simiti ambaye dadake ameshaulizia. Fanya haraka, mwanangu, kama huyo mtu yuko hai, muoneshe."

Ndipo Adib akajua kwamba mzaha umekwisha. Alikaa juu ya ngazi ya kitanda chake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya uganga hakujua aanzie wapi. Alipokuwa akifikiria duka la simiti, aliona ghala lisilo na mwisho, na ndani yake Mishi akihesabu mifuko.

Aliyemsaidia ni Zedekiya, Mganda wa kitanda cha dirishani, mlinzi katika jengo la ofisi na mtu wa taratibu.

"Ssebo, hili ni jambo la ushahidi," alisema Zedekiya, akifunga kamba za buti. "Kazini mtu akibisha, tunampiga picha na tarehe. Mpe huyu gazeti la leo alishike, tarehe ionekane. Mama ataona tarehe. Khalas."

Lilikuwa wazo la heshima. Badawi alisimamishwa ukutani, akapewa gazeti la Kiingereza lililotoka dukani chini, akaambiwa afumbue macho. Picha ikatoka safi. Adib akaishika simu, na hapo yakatokea yale yanayomtokea mvutaji akiona kiberiti. Kidole chake, bila kumuuliza, kikaenda. Kikapunguza ung'avu wa paji la uso. Kikalainisha ngozi. Kikaona alama fulani kidevuni, kikaipangusa. Ndipo akaituma, na mwili mzima ukamtulia kwa raha ya kazi iliyofanyika vizuri.

Jibu lilikuja kwa sauti ya Mishi. Adib aliisikiliza ndani ya metro, simu imebanwa sikioni.

"Adib. Kaka yangu ana kovu kidevuni, alianguka kutoka juu ya mti wa mkungu akiwa na miaka saba, mama ndiye aliyemfunga kidonda kwa kanga yake. Kovu umelipeleka wapi? Mama kaitazama hiyo picha akasema, huyu si mtu, huyu ni sabuni. Akasema tena kwamba mwanawe hajapata kushika gazeti tangu azaliwe." Hapo sauti ikawa ya mwalimu anayemwambia mtoto atoe mawe mfukoni. "Mimi najua Badawi mzima. Kanitumia sauti akilalamika njaa, na hiyo hakuna mashine inayoiweza. Lakini mama haamini, na siolewi huku mama yuko matangani kwa mwanawe. Anataka kitu kimoja. Picha ile ya Idi kama ilivyotoka kwenye kamera. Nzima. Na si kumtumia yeye faraghani. Anasema, nilifiwa mbele ya watu, mwanangu nitarudishiwa mbele ya watu. Iweke jukwaani."

Treni ikafunga milango yake ikaondoka. Adib alipitiliza vituo viwili.

Jumanne aliifungua ile picha ya mwanzo na kuitazama vizuri, kama hakimu anayeingia chumba cha vielelezo. Ilikuwa picha ya kutisha. Nyuma, lile lori la takataka lilikuwa limefungua mdomo kana kwamba linakuja kuwachukua wote. Makamu alisinzia juu ya bega la makamu wake. Msemaji alikuwa akijikuna mahali ambapo msemaji hapaswi kujikuna. Mweka hazina, aliyewaambia wakwe zake kwamba ana nywele, hakuwa nazo. Watatu walivaa kanzu zenye alama ya pasi. Upepo wa mwenyekiti ulikuwa pale wote, umekaa juu ya mshipi wake kama mgeni asiyekuwa na nia ya kuondoka. Na Adib mwenyewe, kijana yule mrefu wa mabega mapana ambaye Malindi ilimtazama kwa mwaka mzima, alikuwa na chunusi puani, punje ya biriani kidevuni, na miguu miwili juu ya kreti la soda.

Habari zina miguu. Kabla hajaamua lolote, Mwenyekiti Waleed alifika mwenyewe Deira, ofisini kwa kargo, saa ya chakula, akavuta boksi la televisheni na kuketi.

"Nimesikia unataka kuipandisha ile," alisema.

"Bi Ummulkheir anataka aione, Mwenyekiti."

"Ile si picha, kijana. Ile ni siri ya dola. Wewe unajua mke wangu nimemwambia nini?"

"Sijui, Mwenyekiti."

"Nimemwambia nafanya mazoezi. Nimemwambia kila asubuhi nakimbia ufukweni. Miaka miwili sasa, na ushahidi umekuwa ukiutengeneza wewe." Akamkazia macho. "Nani mwingine anaijua hali yangu? Wewe na Mungu. Na Mungu hana akaunti jukwaani."

"Mwenyekiti, mwenye duka la simiti ameshaulizia."

"Mke utapata mwingine! Mwenyekiti mwingine utampata wapi?"

Adib alilifikiria swali hilo kwa uaminifu wote, na akaona kwamba wenyeviti walikuwa wamejaa hadi kwenye vituo vya basi. Lakini alikuwa mtu wa adabu, hivyo akasema tu, "Nipe mpaka kesho."

Jioni ile simu yake haikupumzika. Mweka hazina alimlilia. Msemaji, kwa mara ya kwanza, alipata la kusema, na alilisema kwa dakika sita. Makamu akatoa hoja kwamba Badawi angeweza kusafiri hadi Malindi akajioneshe kwa miguu yake, na kwamba wote wangechangia dua. Ni mtu mmoja tu ambaye hakumsihi lolote, naye alikuwa ameketi kitanda cha chini, akila mkate kwa maharage, pete ya akiki ikimetameta kila alipomega.

"Wewe husemi kitu?" Adib alimuuliza.

"Niseme nini?" Badawi alijibu. "Mimi marehemu."

"Nakuuliza kweli, yakhe."

Badawi akameza. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na hata haya aliyasema polepole, akitazama mkate. "Kweli ni kwamba sikasiriki kufutwa. Macho nilifumba, nakiri. Ila kati ya watu kumi na tisa, ulipotafuta wa kutupa, hukupepesa hata jicho. Nililala hapa chini yako, Adib. Ungeniamsha ukaniuliza, ningekuambia nifute. Hukuniuliza." Akachovya tena. "Na mama anapika pilau ya hitma yangu na mimi siipati. Hilo ndilo linaloniuma zaidi."

Adib alipanda kitandani kwake, na ngazi ikalia kwa kila hatua.

Jumatano, saa ya chakula, alisimama katikati ya maboksi ya watu na kuifungua picha ya mwanzo. Kidole gumba kikanyanyuka kwa mazoea, kikaielekea ile punje ya biriani. Punje moja tu. Nani angejua? Adib akakishika kidole kile kwa mkono wa pili, kama mtu anayemzuia mbuzi asiingie shambani, na kwa kidole kingine kisicho na ufundi wowote akabonyeza. Chini yake aliandika: "Picha ya Idi kama ilivyokuwa. Wa kwanza kulia ni Badawi. Yu hai. Mimi ndiye niliyemfuta, na sikumuuliza. Mama, niwie radhi."

Jukwaa likanyamaza. Inasemekana kwamba kimya kile kilidumu dakika nne, na kwamba katika dakika hizo wanaume kumi na saba katika mitaa mbalimbali ya Dubai waliacha kazi zao na kuketi. Kisha akaandika mke wa Mwenyekiti, kutoka Kilifi.

"Baba Waheeda. Huko ufukweni unakimbia au unakimbizwa na sahani?"

Hapo milango ikafunguka. Shangazi mmoja aliuliza kama mweka hazina anaumwa. Mama wa makamu alisema ahsante Mungu, mwanangu siku hizi anapata usingizi. Mtu akalisifu lori. Wake waliwaambia waume zao kwamba kanzu ile irudishwe nyumbani ipigwe pasi na watu wanaojua. Lakini katikati ya vicheko vile lilitokea jambo ambalo uongozi haukulitarajia: mama walianza kuikuza picha. Huyu kakonda, huyu kazeeka, huyu mbona miguu imevimba, anasimama saa ngapi kazini? Siku ile simu nyingi zilipigwa kutoka pwani kuuliza mambo ambayo nyasi za kijani hazijapata kuuliziwa. Msemaji aliulizwa na mamake kuhusu ule mkuno wake, na akaagizwa aende hospitali, naye akaenda.

Bi Ummulkheir alikawia. Alipoandika, hakuandika, alituma sauti, na watu mia tatu waliisikiliza.

"Nimehesabu, kumi na tisa. Huyu mwenye paja la kuku, macho kafumba, mashavu yamejaa, kovu liko mahali pake. Huyu ndiye mwanangu. Hivi ndivyo alavyo tangu alipoanza meno. Mlioleta rambirambi, zichukueni. Pilau nimeshaitia mchele, njooni tutaila kwa shukrani."

Dakika moja baadaye Mwenyekiti Waleed alimtoa Adib jukwaani, kwa kosa la kuvujisha siri za uongozi, na akatangaza kwamba amemvua cheo ambacho, kwa mujibu wa kumbukumbu, hakuwahi kupewa.

Kwa hiyo Adib hakuona yaliyofuata. Aliketi juu ya maboksi, simu kimya mkononi, mtu asiye na jukwaa, na sasa asiye na pua iliyonyooka. Alikuwa amemrudisha Badawi kwa mamake. Lakini pamoja na Badawi alikuwa amejipeleka mwenyewe hadi Malindi, chunusi, punje, kreti na yote, na haya hayakuwa yamewahi kufika huko. Saa nzima ikapita. Ndipo ikaingia sauti ya Mishi.

"Hilo kreti ulipandia nini?"

Akajibu kwa kuandika. "Nilitaka nilingane na wenzangu."

"Mimi mwenyewe mfupi. Ungeniona vipi ukiwa huko juu?" Akacheka, na nyuma yake darasa zima la chekechea likacheka naye. "Hiyo pua ya kweli ndiyo ile ya kushoto kidogo?"

"Ndiyo."

"Haya. Mimi sina neno. Ila Mama ana lake, na atalisema kwa wakubwa."

Kutoka Jumatano hadi Ijumaa Adib hakula vizuri, na Badawi, kwa kumsaidia, alikula sehemu zote mbili. Ijumaa Mzee Aiman alifika Malindi na sinia yake, akaikuta hitma imegeuka karamu, akaila kwanza, kama ipasavyo, kisha akazungumza. Dubai ilikuwa imeshaswali Magharibi simu ilipolia. Zedekiya akapunguza redio. Badawi akakaa sawa.

"Imekubaliwa," alisema Mzee Aiman, na nyuma yake pakapigwa vigelegele. "Lakini kuna sharti moja, na mama mtu amelirudia mara tatu ili nisilisahau."

"Lolote, ami."

"Siku ya harusi picha zitapigwa na mtu wa studio wa hapa Malindi, zitatoka zilivyotoka. Wewe simu utaiacha msikitini kwa imamu. Ukionekana umeshika hata kikokotoo, ndoa itasubiri."

"Nimekubali, ami! Mwambie nimekubali, kwa shahidi na kwa maandishi!"

Simu ikakatwa. Zedekiya akampa mkono, akasema "Banange, ssebo, hongera," na kurudisha redio juu. Adib alijitupa chali kitandani kwake akitabasamu kwenye dari. Kutoka chini, Badawi akagonga ubao wa kitanda mara mbili.

"Bwana harusi."

"Naam, shemeji."

"Katika hizo picha za studio, mimi nasimama wapi?"

"Popote utakapo," alisema Adib.

"Popote sitaki. Nimeshawahi kusimama popote."

Adib akainama ukingoni mwa kitanda hadi kichwa chake kikaning'inia, wakatazamana, mmoja wima na mwingine juu chini.

"Katikati," alisema. "Baina yangu na mama."

Badawi akalipima jibu hilo kama apimavyo kitambaa kwa mkono.

"Na chakula kitakuwa kabla ya picha au baada?"

"Baada!" walijibu Adib na Zedekiya kwa pamoja.